Mbao za Mlango na Zawadi ya Mwalimu

Nyumba ya seremala huamka kwa sauti mbili. Chumba cha mbele, mama anapiga pasi. Uani, baba anapiga randa. Pasi inanong'ona, randa inakoroma. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Mwaka huu imeongezeka sauti ya tatu, nayo imezifunika zile mbili.

"Mama, shati hili la nani? Mikono mirefu hivi, ni la twiga?"

"Ni la karani wa posta. Vaa viatu."

"Karani ana shingo ndefu?"

"Vaa viatu, Chiriku!"

Chiriku si jina lake la kuzaliwa. Alipewa na Mwalimu wake wa chekechea. Chiriku ni ndege mdogo asiyenyamaza. Lakini siku mtoto huyu alipopewa jina hilo, alikuwa hasemi hata neno moja mbele ya watu. Nyumbani alimnong'oneza mama yake tu. Mgeni akipiga hodi, yeye alijificha chini ya meza ya pasi, kimya, mpaka mgeni aondoke. Majirani walisema ya kwao. Wengine walisema ulimi umefungwa. Mama aliendelea kupiga pasi, akimwomba Mungu moyoni.

Mwalimu naye hakumlazimisha. Wiki ya kwanza alisema, "Huyu ni Chiriku wetu. Bado amelala. Tusimwamshe kwa kelele." Kila siku alikaa naye kidogo, wakipanga vipande vya mbao kimoja juu ya kingine. Mwalimu akapanga, Chiriku akapanga. Wala hakumwuliza kitu. Mpaka siku moja mnara ukawa mrefu, Mwalimu akataka kuongeza kipande kikubwa juu.

"Utaangusha!" Chiriku akasema.

Mnara ukaanguka. Darasa zima likacheka, na Chiriku naye akacheka. Tangu siku hiyo hajanyamaza.

Basi wazazi nao wakabadilika majina. Mtaa mzima sasa unawaita Mama Chiriku na Baba Chiriku.

Nyumba hii ilikuwa na shida moja: mlango wa mbele. Mchwa walikuwa wamekula ubao wa chini. Bawaba moja ilikuwa imefungwa kwa waya. Watu wa mtaani walitaniana, "Ukifika kwa seremala, hodi sema kwa mbali. Ukigonga, utaingia na mlango mkononi."

"Mganga hajigangi," mama alikuwa akisema.

Lakini shida haikuwa ya kucheka. Mama Chiriku ni dobi. Nguo za watu zikishapigwa pasi hukaa chumba cha mbele, zimekunjwa, zinangoja wenyewe. Mvua zilizopita, maji yaliingia chini ya mlango na upepo ukayarusha. Mashati meupe yaliyokwisha kunyooshwa yakapata matope. Mama alifua upya yote. Hata hivyo wateja wawili walihama, hawakurudi.

Kwa hiyo mwaka huu Baba Chiriku alinunua mbao nzuri, ngumu, zilizokauka vizuri. Alizipanga uani, akazifunika. "Mvua za mwaka huu zitatukuta na mlango," alisema. Mama akamshukuru Mungu.

Sasa mwaka wa shule ulikuwa unakaribia kwisha. Watoto wa chekechea wangeingia darasa la kwanza, nao wazazi walikuwa wakijiandaa kumuaga Mwalimu. Asubuhi moja, getini, maneno yalikuwa ya zawadi tu.

"Mimi nimeshanunua saa ya ukutani," alisema mama mwenye duka la simu. "Kubwa! Ina ndege anayetoka kila saa."

"Sisi tumechagua vikombe," akasema mzazi mwingine. "Vina maandishi ya dhahabu."

Wakamgeukia Baba Chiriku. Mama wa duka akasema, "Na wewe fundi? Mtoto wako ndiye aliyefunguliwa kinywa. Usije na leso hapa!"

Wote wakacheka. Baba Chiriku naye akacheka. Lakini njia nzima ya kurudi aliliwaza neno lile. Mama yule wa duka hakuwa na nia mbaya. Neno la utani ni kama kibanzi. Ni kidogo, ila kikiingia kidoleni hulali.

Kesho yake mama alisikia msumeno uani. Moyo wake ukafurahi. Alidhani mlango umeanza. Akatoka na kikombe cha chai kumpelekea mumewe. Akaona ubao mmoja umekatwa.

"Mbona mfupi hivi?" akauliza. "Mlango wetu utapitisha kuku?"

"Si mlango."

"Ni nini basi?"

"Kiti. Cha Mwalimu. Chenye mgongo mrefu na mikono ya kuchonga. Kiti cha heshima."

Mama akaiweka chai juu ya meza ya kazi, katikati ya maranda.

"Na mlango?"

"Mlango utasubiri."

"Na mvua umeiambia isubiri?"

Baba Chiriku akaweka msumeno chini. "Mama Chiriku, mtoto wetu alikuwa hasemi. Leo anatuuliza kama karani ni twiga. Mtu aliyetufanyia hayo nimpe nini? Leso?"

"Kumshukuru nataka, tena kuliko wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nainama chini ya meza kumtoa." Akaonyesha chumba cha mbele. "Lakini mashati ya watu yakilowa tena, wateja watakwisha. Kiti cha heshima tutakila?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

Mara sauti ikasikika kwa mbali. "Hodi! Nimesema hodi, mlango sijaugusa!"

Alikuwa Bibi Kengele, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuja kuchukua nguo zake. Bibi huyu alifundisha watoto wa chekechea mpaka alipostaafu. Kengele ya shule aliipiga yeye, ndiyo maana watoto wakampa jina hilo. Magoti yake hayakuwa mazima. Alikuwa akitembea polepole, akishika ukuta.

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona nyuso zimekunjamana na pasi iko moto?"

Mama akaeleza. Baba akaonyesha ubao uliokatwa. Bibi Kengele akautazama, kisha akamtazama fundi.

"Mwanangu, umewahi kumwona Mwalimu akifundisha?"

"Namwona kila siku, Bibi."

"Wapi?"

"Getini, nikimpeleka mtoto."

"Getini amesimama. Nakuuliza darasani."

Baba Chiriku akajikuna kichwa. Kwa mwaka mzima hakuwahi kuvuka geti. Alikuwa akimwacha mtoto, akawahi kazini.

"Basi nikuonyeshe," Bibi akasema. Akajishika kiuno, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na ukingo wa meza. "Watoto wale kimo chao ni hiki. Mwalimu wao siku nzima yuko huku chini. Anafunga kamba za viatu. Anapangusa pua. Anashika mkono wa mtoto uzoee penseli. Anainama, anainuka, anainama tena. Haya, nisaidieni niinuke, la sivyo mtanipigia pasi hapahapa."

Wakamwinua, wote wakicheka.

"Sasa hicho kiti chako kirefu atakikalia saa ngapi?" Bibi akaendelea. "Akikaa juu huko ataonekana hakimu. Chiriku angesema neno gani mbele ya hakimu?"

Baba Chiriku akautazama tena ubao aliokata. Aliona ukweli wa neno hilo.

"Kwangu kuna kabati la vikombe," Bibi akasema. "Vyote nilipewa na wazazi. Nawashukuru, walinipenda. Lakini mtu ana mdomo mmoja! Vingine sijavinywea hata chai. Unajua zawadi ninayoitumia mpaka leo? Mfuko. Mama mmoja aliushona kwa pazia kuukuu, una mifuko midogo ndani, kila penseli na mahali pake. Aliniona nikitafuta penseli kila asubuhi. Aliona, akashona. Na baba mmoja hakuleta kitu. Alikuja Jumamosi akanitengenezea rafu iliyokuwa ikiyumba. Huyo namwombea mpaka leo."

"Kwa hiyo si lazima tununue?" mama akauliza.

"Anayeweza anunue, si dhambi. Lakini zawadi isiichukue haki ya nyumba. Mwalimu mwema hatafurahi akijua nguo za watu zimelowa kwa sababu yake. Nenda kwanza ukamtazame kazini, uone kinachomsumbua. Halafu tazama mkono wako unajua nini. Hapo katikati zawadi ipo."

Akachukua nguo zake, kisha akageuka.

"Na kabla ya yote muulizeni mkuu wa shule. Kuna shule haziruhusu zawadi, nyingine zina mpaka wake. Ni vizuri kujua mapema. Tena mkimpa, mpeni pembeni. Msiwaaibishe wasio na kitu."

"Pembeni?" Baba Chiriku akashtuka. "Basi hakuna atakayeiona!"

"Magoti ya Mwalimu yataiona," Bibi akajibu. "Yanatosha."

Kesho yake Baba Chiriku alivuka geti kwa mara ya kwanza. Alimwona mkuu wa shule, akauliza kama alivyoagizwa.

"Kitu kidogo cha shukrani kinaruhusiwa," mkuu akasema. "Pesa hapana, na vitu vya gharama kubwa hapana. Hatutaki mtoto apendelewe wala mtoto aonewe."

Fundi akakikumbuka kiti chake. Kiti kile cha mikono ya kuchonga kingerudishwa mlangoni, tena mbele ya watu.

Mkuu akamruhusu kusimama kwenye mlango wa darasa. Baba Chiriku akatazama. Viti vyote vilikuwa vidogo, vya kitoto. Mwalimu hakuwa na chake. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akimaliza na mtoto mmoja, anainuka kwa kushika dirisha, anabeba ndoo, anaipeleka kwa mtoto mwingine. Mara ndoo ikayumba. Mwalimu akaishika, akatabasamu, akaendelea kufundisha.

"Mwaka mzima," fundi alijisemea. "Mwaka mzima mimi nina mbao uani, na mwalimu wa mwanangu anakalia ndoo."

Futi ilibaki mfukoni. Alipima kwa macho. Alitazama Mwalimu akikaa, uso wake unafika wapi, na uso wa mtoto aliyekaa unafika wapi. Kimo kinachotakiwa kilikuwa hapo katikati.

Jioni hiyo aliligeukia pipa la mabaki. Kila seremala analo. Humo mna vipande vya kazi za watu, vifupi kwa kabati lakini vizuri kwa kitu kidogo. Alichagua vigumu, akaviunga kwa gundi, akatengeneza kigoda. Miguu aliipanua kidogo chini ili kisiyumbe. Katikati ya ubao wa kukalia alitoboa tundu la mkono, ili Mwalimu akibebe kwa mkono mmoja kutoka kwa mtoto hadi mtoto.

Chiriku alipewa msasa.

"Nisugue mpaka lini, Baba?"

"Mpaka shavu lako likipita lisikwaruzwe."

Chiriku akasugua, akajaribu kwa shavu, akasugua tena. Akaongea muda wote. Baba yake hakumwambia anyamaze.

Mama akashona mto mdogo wa kukalia, kwa kitambaa cha pazia lake mwenyewe. Lakini dobi ni dobi. Aliushonea foronya ya kuvuliwa. "Watoto wadogo," alisema, "mara maji, mara rangi, mara mengine nisiyoyataja. Lazima ivuliwe ifuliwe."

Na zile mbao? Zilirudi kwenye mlango. Ule ubao uliokatwa Baba Chiriku aliuunga na kipande kingine, ulimi wa mmoja ndani ya mfereji wa mwingine. Kiungo kilionekana. Alitaka kukificha kwa rangi. Mama akakataa.

"Kiache," akasema. "Kila ukikiona, utakumbuka kupima kabla ya kukata."

"Wewe mwanamke huna huruma."

"Ninayo. Ndiyo maana sitaki ukate tena."

Siku ya kuaga ikakaribia. Mama Chiriku alikutana kisimani na mama muuza mboga, ambaye mwanawe alisoma darasa moja na Chiriku. Mama yule alisema siku hiyo mtoto wake atabaki nyumbani.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Sina cha kumpa Mwalimu. Nitaendaje mikono mitupu, wenzangu wana saa zenye ndege?"

Mama Chiriku akaweka ndoo chini. Akamweleza yote aliyoambiwa. "Mlete mtoto, dada. Mtoto akose kumuaga Mwalimu wake kwa sababu ya saa? Mwambie Mwalimu jambo moja tu alilomfanyia mwanao. Bibi Kengele anasema, 'asante kwa yote' haionekani. Taja kitu chenyewe."

Mama yule akafikiri. "Alimfundisha kunawa mikono. Siku hizi mtoto hanipi nafasi ya kula kabla sijanawa."

"Si ndiyo hiyo! Nenda kamwambie hivyohivyo."

Siku ya kuaga akaenda na mtoto. Alipomwambia Mwalimu habari ile ya kunawa, Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Alimshika mikono yote miwili. Mama mwenye duka la simu aliyasikia. Akasogea, akasema taratibu, "Na wangu alikuwa anauma wenzake. Sasa haumi. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo." Saa yake ya ndege mkuu wa shule alikuwa amemwambia airudishe alikoinunua, lakini uso wake ulikuwa umeng'aa.

Baba Chiriku na mama walingoja pembeni mpaka watu wakapungua. Kigoda kilikuwa kimefunikwa kwa shuka safi, iliyopigwa pasi. Wakaingia darasani. Walikuwa wamekubaliana kwamba Chiriku ndiye atakayesema. Nyumbani alikuwa ameyasema maneno yake vizuri, mara nyingi, mpaka kuku waliyajua.

Mama akatoa shuka. "Mwalimu, mwanao ana neno."

Chiriku akamtazama Mwalimu. Akafungua mdomo. Neno halikutoka.

Akafunga mdomo. Mikono yake ikaenda nyuma. Akaanza kurudi kinyumenyume, kuelekea chini ya meza.

Ule ukimya mama aliujua. Je, umerudi? Baba akainama amsukume mtoto mbele, "Sema basi, si ulikuwa una..." Mama akamshika mkono. Akatikisa kichwa.

Mwalimu alikichukua kigoda kwa lile tundu, kwa mkono mmoja. Akakiweka karibu na meza. Akakaa. Hakikuyumba. Uso wake ukawa sawa kabisa na uso wa Chiriku. Akaokota kipande cha mbao sakafuni, akakiweka mezani. Akaweka cha pili juu yake. Akangoja.

Chiriku akasogea. Akaweka cha tatu.

"Ulinisubiri," akasema polepole.

"Nilikusubiri," Mwalimu akajibu.

Hayo hayakuwa maneno waliyoyafundishana nyumbani. Chiriku akashika ukingo wa kigoda, pale aliposugua kwa msasa.

"Ukimsubiri mtoto mwingine," akasema, "umsubiri umekaa. Si kwenye ndoo."

Mwalimu akamkumbatia. Baba Chiriku alitoka nje, akasema vumbi la mbao limemwingia machoni. Darasani humo hapakuwa na vumbi la mbao.

Mvua zikaja, Mungu alivyopanga. Zilianza mchana mmoja kwa upepo mkali. Mama Chiriku alikuwa na mashati mengi mezani, meupe, yamenyooka. Alisimama akautazama mlango. Maji yalipiga ubao, yakateremka, yakaishia nje. Pale kwenye kiungo hapakupita hata tone. Akarudi kwenye pasi yake.

Mara mlango ukagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

Mama akainua kichwa. Baba akatoka uani. Ilikuwa miaka tangu mtu agonge mlango wa nyumba hii.

"Hodi!" ilikuwa sauti ya Bibi Kengele. "Leo nimeugusa!"

Kabla mama hajajibu, Chiriku alishafika mlangoni. Akavuta komeo kwa mikono miwili.

"Karibu!" akasema, na mtaa mzima ukasikia. "Karibu ndani, Bibi!"